Hakufa Mtu: Je, Maneno Yamekwisha?

Ikiletwa khabari ya ajali, suala la kwanza linalotoka katika kinywa cha kila mtu ni moja: amekufa nani? Nalo ni suala jema, kwani roho ya binaadamu ndicho kitu cha kwanza kuhofiwa. Lakini jawabu likiwa ni "hakufa mtu," tazama mambo yaendavyo. Watu hushusha pumzi, husema "Alhamdulillahi," kisha hugeukia shughuli zao, kama kwamba jawabu hilo limelifunga suala lililoulizwa na masuala yote ambayo hayakuulizwa. Hapo ndipo tunapotaka kusimama kidogo na msomaji wetu. Je, kusalimika kwa watu ni dalili ya kwamba hapakuwa na kosa? Na mtu aliyefanya jambo likaisha kwa salama, na mwenziwe aliyefanya jambo lile lile likaisha kwa msiba, je, wawili hawa ni sawa mbele ya haki, au si sawa?

Mifano yetu tutaichukua katika ndege za vita, kwani humo suala hili huonekana wazi kuliko mahali pengi.

Siku ya Jumapili, tarehe 17 Septemba 2023, ndege ya vita ya Kimarekani ya aina ya F-35B ilikuwa ikishuka kwenda kutua katika uwanja wa Charleston, jimbo la South Carolina. Mvua ilikuwa kubwa na mawingu yamefunga. Hitilafu ya umeme ikaingia chomboni: redio zikakatika, na ile kofia ambayo ndani yake rubani huonyeshwa kasi yake na urefu alioko ikawa yawaka na kuzimika. Rubani akaghairi kutua, akataka kupanda tena. Akaona chombo hakimjibu kama alivyotaraji. Akaamini kwamba kimeshamtoka mikononi. Alikuwa futi zisizofika 2,000 kutoka ardhini, ndani ya wingu, haoni mbele wala chini. Akavuta mpini wa kiti chake, kiti kikamrusha nje, akashuka kwa mwavuli katika ua wa nyumba ya watu, naye yu hai.

Lakini ndege haikuanguka. Mitambo yake ya kujiongoza iliishika sawasawa, ikaenda peke yake, haina mtu ndani, muda wa dakika 11 na mwendo wa zaidi ya maili 60, mpaka ikaangukia msituni katika wilaya ya Williamsburg. Wakubwa wa jeshi hawakujua iko wapi. Ikawabidi wawaombe raia wawasaidie kuitafuta, na watu wa dunia wakacheka. Mabaki yake yalionekana siku ya pili. Chombo chenye thamani ya zaidi ya dola milioni 100 kilikuwa kimevunjika vipande vipande na miti imekatika, wala chini hapana mtu aliyeumia.

Msomaji na akitazame vyema kicheko kile. Lau ndege ile ingepungukiwa na mwendo wa dakika chache, au ingezidishiwa, ikaangukia skuli au nyumba iliyojaa watu, hapana ambaye angecheka. Wale wale waliocheka wangelia, na wangetaka rubani ashitakiwe. Na rubani je, angekuwa amefanya jambo gani jingine? Hakuna. Mkono wake ungekuwa umevuta mpini ule ule, katika nukta ile ile, kwa dhana ile ile. Kilichotenganisha kicheko na kilio ni msitu, na msitu haukupandwa na rubani.

Pengine atatokea mtu aseme kwamba sisi twaleta "lau" na "labda," na kwamba haya ni ya kukisia tu. Basi natuviweke visa viwili vingine kando ya hiki, vyote vya rubani aliyetoka chomboni, na chombo kikaendelea na safari bila ya mwenyewe.

Cha kwanza ni cha tarehe 2 Februari 1970. Luteni Gary Foust wa jeshi la Marekani alikuwa na wenziwe katika mazoezi ya kupigana angani juu ya jimbo la Montana, naye yumo katika ndege ya aina ya F-106. Ndege ikapinduka katika mzunguko wa ubavu kama pia inayozunguka, ikawa yateremka wala haishikiki. Alijaribu kila alilofunzwa, na lilipokwisha alilofunzwa akajirusha nje. Mara tu alipotoka, ndege ikaacha kuzunguka! Husemwa kwamba kishindo cha kiti kilichomrusha, na uzito uliopungua katika sehemu ya mbele, viliiinamisha pua yake hata ikashika upepo. Mmoja wa wenziwe akamwambia kwa mzaha katika redio kuwa afadhali arudi ndani. Naye Foust yuko hewani, ananing'inia katika mwavuli, aiangalia ndege yake yaenda zake. Ikashuka polepole, ikatua kwa tumbo katika shamba lililofunikwa na theluji karibu na mji mdogo wa Big Sandy. Askari wa huko alipofika aliikuta injini yangali yanguruma, na chombo chajisogeza kidogo kidogo juu ya theluji. Ikabidi kingojewe mpaka mafuta yaishe, muda wa saa moja na dakika 45. Ilitengenezwa, ikarejeshwa kazini, na sasa imewekwa katika jumba la makumbusho la jeshi la anga huko Ohio, na watu huenda kuitazama na kutabasamu.

Cha pili ni cha tarehe 4 Julai 1989. Kanali Nikolai Skuridin wa jeshi la Kisovieti aliruka katika ndege ya MiG-23 kutoka kiwanja kimoja karibu na Kołobrzeg, pwani ya Poland. Kabla hajapanda mbali alisikia injini yapungua nguvu, akaamini imekufa, na ardhi i karibu mno. Akajirusha nje, akasalimika. Injini ile ikapata nguvu tena. Ndege ikapanda, ikaelekea magharibi peke yake, ikapita juu ya Ujerumani zote mbili za siku zile, ikaingia Uholanzi. Ndege mbili za Kimarekani zikaifuata, na marubani wake wakatoa khabari kwamba ndani hamna mtu. Baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 900 mafuta yakaisha, ikaangukia nyumba moja karibu na mji wa Kortrijk, Ubelgiji, ikamwua kijana wa miaka 18 aliyekuwamo nyumbani mwao. Kijana yule hakujua vita, wala hakumjua rubani, wala hakuwa na habari ya injini iliyopungua nguvu katika nchi ya mbali.

Haya, msomaji, watu ni watatu. Mmoja ameshuka katika ua wa nyumba na kuchekwa. Wa pili amekuwa hadithi ya kufurahisha. Wa tatu umemwangukia mzigo wa roho ya mtu asiyemjua. Nasi tukiyatazama yale waliyoyafanya kwa mikono yao, twaona kila mmoja alidhani chombo kimekwisha kufa, na kila mmoja alijiokoa. Je, mwenye kuangukiwa na nyumba ni mwovu kuliko mwenye kuangukiwa na theluji?

Suala hili si geni. Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, walilijadili wakalipa jina la bahati katika maadili. Nagel alipiga mfano wa dereva wa lori aliyepuuza kuzikagua breki zake. Akitokewa na mtoto njiani akamwua, watu wote watamwona ni muuaji, na yeye mwenyewe hatopata usingizi. Asipotokewa na mtoto, atafika kwake na kula chakula chake, wala hakuna atakayemwambia neno. Uzembe ni mmoja, na hukumu ni mbili. Walioishika mizani hii wamegawanyika: wako wasemao kwamba matokeo ndiyo kipimo, na asiyedhuru hana la kujibu, na wako wasemao kwamba nia na juhudi ndizo kipimo, na matokeo si lolote.

Sisi twaona kila upande umeshika ukweli, lakini ukautia mahali pasipo pake. Shida yatoka katika kuziweka hisabu tatu katika daftari moja. Tukizitenga, kila moja yajulikana mwenyewe.

Hisabu ya kwanza ni ya lawama. Hii yatazama alichokijua mtu, alichokikusudia, na uangalifu alioutumia. Na hapa matokeo hayana neno. Mwenye kupuuza ni mwenye kupuuza, ameua au hakuua. Na aliyejitahidi kwa kadiri ya uwezo wake hageuki kuwa mwovu kwa sababu nyumba ilikuwapo pale ndege ilipoishiwa na mafuta.

Hisabu ya pili ni ya dhamana, yaani kuliziba pengo lililotokea. Hii yatazama matokeo khasa, wala haingoji kuthibitika uovu wa mtu. Wazazi wa kijana wa Ubelgiji walipotelewa na mtoto, na kupotelewa kule kwataka jawabu, hata kama rubani ni mtu mwema. Kwa hiyo dola ya Kisovieti ililipa fidia, nayo ilikuwa haki. Katika sharia yetu jambo hili lilikwisha kupambanuliwa zamani. Sura ya An-Nisaa imetenga kuua kwa makosa na kuua kwa kusudi: aliyeua kwa makosa haandamwi kwa kisasi, lakini iko diya kwa watu wa maiti, na iko kafara juu ya nafsi yake. Na wanavyuoni wakasema kwamba diya hiyo ya makosa haimwangukii yeye peke yake, bali hubebwa na jamaa zake wa upande wa kuumeni. Ni hekima ilioje! Kwani kilichomtenga mtu huyu na mwenziwe aliyekosea kama yeye asidhuru hakikutoka katika mkono wake. Basi si uadilifu abebeshwe peke yake, wala si uadilifu waliofiwa waachwe mikono mitupu.

Hisabu ya tatu ni ya ibra, yaani mafunzo. Hii ndiyo tunayoipoteza kila siku, na ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Ibra haitazami idadi ya maiti. Hutazama tu: mlango gani ulikuwa wazi hata balaa ikaweza kuingia? Na mlango uliokuwa wazi ni ule ule, aliingia mwizi au hakuingia.

Pana kisa cha ndege za abiria kinachofaa kusomwa na kila mtu asemaye "hakufa mtu, yamekwisha." Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya shirika la TWA, safari namba 514, ilikuwa yakaribia kutua katika uwanja wa Dulles, karibu na Washington. Marubani waliruhusiwa kukaribia kiwanja, wakafahamu kwamba ruhusa ya kukaribia ni ruhusa ya kushuka. Wakashuka mapema kupita kiasi, wakapiga mlima. Walikufa wote 92. Ulipofanywa uchunguzi ikadhihiri kwamba wiki sita kabla yake marubani wa shirika jingine, United, walikuwa wamefahamu vibaya vile vile, mahali pale pale, wakanusurika mlima kwa karibu. Walirudi wakasema, na shirika lao likawatahadharisha marubani wake. Lakini khabari haikuwafikia wa mashirika mengine. Hakufa mtu, kwa hiyo hapakuwa na kishindo cha kuwaamsha waliolala. Onyo lilikwisha kuja, likaishia katika nyumba moja, na jirani akaungua.

Kwa msiba huo ulianzishwa Marekani, mwaka 1976, mpango wa kupokea khabari za makosa yaliyonusurika, ukawekwa chini ya NASA, ambayo si mwenye kutoa adhabu kwa marubani. Mtu hueleza kosa lake lisilo la kusudi, jina lake hufichwa, na mafunzo hutangazwa kwa wote. Na katika majeshi ya Marekani ajali kama ile ya Charleston huchunguzwa mara mbili kwa mbali mbali: uchunguzi mmoja ni wa kutaka kujua tu ili lisirudi tena, na maneno ya shahidi humo hayatumiwi kumwadhibu; wa pili ndio wa kutazama nani atabeba nini. Tazama, hawa bila ya kusoma vitabu vyetu wamezitenga daftari. Wamejua kwamba mtu akiogopa fimbo ataificha kweli, na kweli ikifichwa watakufa wengine.

Ripoti ya ile ndege ya Charleston ilitolewa mwezi wa Oktoba 2024. Ilisema kwamba rubani alikosea: ndege ilikuwa bado yamtii, na vipimo vya akiba vilikuwa vyafanya kazi. Lakini haikuishia hapo. Ilisema pia kwamba kitabu cha maagizo kilichomwambia ni wakati gani ahisabu kuwa chombo kimemtoka kilikuwa kimeandikwa kwa maneno mapana mno, hata kikaweza kumsukuma katika dhana ile. Rubani aliondolewa katika ukubwa wa kikosi alichokuwa amekabidhiwa. Kama hukumu hiyo ilikuwa kali au ya sawa, wenye ilimu ya kazi hiyo wamekhitilafiana, nasi hatukuketi katika kiti kile, ndani ya wingu lile, na redio zimekatika. Neno letu ni jingine: jeshi lile halikusema "hakufa mtu." Lilitumia muda wa zaidi ya mwaka mmoja kuuliza, na katika kuuliza likaona kosa katika kitabu chake lenyewe, si katika mkono wa rubani peke yake. Lau lingeridhika na ile shukrani ya siku ya kwanza, kitabu kile kingebaki na kosa lake, na rubani mwengine angelisoma maneno yale yale katika wingu jingine.

Wala asidhani mtu kwamba twasema rubani angekaa afe na chombo chake. Hasha. Mali hurudi, roho hairudi. Hata kile kiti kilichomwokoa kina hadithi ya kuzingatiwa. Mwaka 1942 Valentine Baker, mshirika wa fundi James Martin wa Uingereza, alikufa alipokuwa akijaribu ndege yao mpya. Martin alihuzunika sana na kifo cha rafikiye, akaielekeza akili yake katika usalama wa marubani. Na viti vya Martin-Baker vimeokoa roho zaidi ya 7,000 mpaka hivi leo. Huyu alijifunza kwa kifo, na alijifunza vizuri. Lakini je, si bora kujifunza kabla ya kifo, pale ambapo mwenye kisa yu hai na aweza kueleza kwa ulimi wake? Ajali isiyoua ni mwalimu aliyekuja bila ya kudai ada. Wapumbavu humfukuza, kisha humngoja yule wa pili ambaye ada yake ni majeneza.

Basi natujitazame. Nahodha aliyepakia chombo kupita kiasi na bahari ikamstahi, husema, "Mbona tulifika?" Mwenye nyumba ambaye nyaya zake za umeme zimetoa cheche usiku, zisishike mapazia, husema, "Mungu ametunusuru," na asubuhi hamwiti fundi. Baba ambaye mwanawe alichukuliwa na maji kisimani, akawahiwa, hulisimulia jambo hilo kwa kicheko, na kisima kingali wazi. Wote hawa wametaja jina la Mwenyezi Mungu, na wote wamelitumia jina hilo tukufu kuwa kifuniko cha kufunikia uzembe wao. Na ukimwonya mmoja wao atakujibu kwamba yote ni kadari. Ndiyo, yote ni kadari. Na huo usalama pia ni kadari, tena ni amana. Umepewa siku nyingine si kwa sababu ulistahiki, bali uitumie.

Kushukuru si kusema kwa ulimi peke yake. Aliyepewa jembe akashukuru kisha asilime, shukrani yake ni ya mdomo. Na aliyepewa kunusurika akashukuru kisha asichunguze, huyo naye hakushukuru. Ameipokea neema akaitupa jaani. Aliyenusurika na aitazame nafsi yake kwa jicho lile lile ambalo angeitazama lau pangekuwa na maiti mbele yake. Na mwenye kuangukiwa na msiba kwa kosa dogo, tumsaidie kulipa, wala tusimfanye mwovu kuliko sisi ambao makosa yetu yaliangukia theluji.

Hakufa mtu? Alhamdulillahi. Basi hapo ndipo maneno yaanze, maana wote wa kuyasema wangali hai. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kuzingatia kabla ya kufikwa. Amin.